Maneno Yaliyomezwa na Tarumbeta

Kila Jumamosi asubuhi, kabla hata ya kunywa chai, Shangazi alitandaza shuka jeupe juu ya meza na kupanga vifaa vyake kama daktari anayejiandaa kumpasua mgonjwa. Alipanga kamera mbili, betri, kadi za kumbukumbu, vinasa sauti vidogo vya kubana kwenye kola, na kitambaa laini cha kufutia lenzi ambacho hakuna mtu mwingine aliyeruhusiwa kukigusa. Mwisho kabisa alivaa viatu vya raba vilivyochakaa.

"Shangazi, mbona huvai viatu vizuri? Tunakwenda harusini," aliuliza Chiriku.

"Vizuri vina kelele. Hivi havisemi kitu. Jifunze kwao."

Chiriku alicheka. Jina hilo la utani alipewa nyumbani kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Hata akiwa bafuni peke yake alikuwa na mazungumzo. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na insha zake ndizo mwalimu alizozisoma mbele ya darasa. Likizo ile wazazi wake walimruhusu akae kwa shangazi yake, dada wa baba yake, ambaye kazi yake ilikuwa kupiga video za harusi. Chiriku alijua kazi hiyo ni rahisi: unabonyeza kitufe, unakula keki, unarudi nyumbani.

Siku hiyo ukumbini alibaki mdomo wazi.

Maharusi walipoingia, Shangazi alitembea mbele yao kinyumenyume, kamera begani, katikati ya viti, watoto na nyaya za spika. Hakugeuka nyuma hata mara moja. Mguu wake ulipapasa sakafu kwanza, kisha ukakanyaga. Maharusi walipokuwa wakiahidiana, alizuia pumzi ili picha isitikisike, na Chiriku alijikuta naye amezuia ya kwake mpaka kifua kikamuuma. Kisha Shangazi alifanya jambo la ajabu. Wakati watu wote wanamtazama bwana harusi, yeye aligeuza kamera taratibu kwa bibi mmoja aliyekaa kimya pembeni. Mara yule bibi akaanza kulia.

"Ulijuaje kama atalia?" Chiriku alimnong'oneza.

"Nilimwona anatafuta leso kwenye mkoba. Shika betri hii, nyamaza."

Saa zikapita. Wageni wakala, wakanywa, wakacheza. Soda ya Shangazi ilikaa mezani mpaka ikapata joto, wala hakuikumbuka.

Karibu na mwisho wa sherehe, baba wa bi harusi alisimama kumuaga binti yake. Alikuwa dereva wa lori, mtu wa mwili mkubwa na maneno machache. Hakutaka maikrofoni. Aliushika uso wa binti yake kwa mikono miwili, akainama, akaanza kumwambia kitu. Shangazi alisogea, akaupata uso wa baba wote, wazi kabisa. Hapo hapo wapiga tarumbeta, waliodhani zamu yao imefika, wakalipuka kwa pamoja. Ukumbi mzima ukatetemeka. Binti alitikisa kichwa huku akilia, na baba akaketi.

Kabla ya kuondoka, bi harusi alimwendea Shangazi.

"Shangazi, nina ombi. Mama yangu hasikii. Ukumbini humu ameambulia kuona tu watu wanavyocheka na kulia. Nataka video yake iwe na maandishi chini ya picha, ajue kila kilichosemwa."

"Kila neno, mwanangu," Shangazi alimjibu.

*

Kazi ya kuandika alipewa Chiriku. Alikaa katika chumba kidogo cha nyuma chenye mapazia mazito, hedifoni masikioni, akisikiliza kipande kimoja kimoja na kukiandika kwenye kompyuta. Alianza kwa mbwembwe, lakini kufikia adhuhuri shingo ilikuwa imekakamaa. Mjomba wa bwana harusi alisema "kwa hiyo" katika kila sentensi. Mshereheshaji aliongea kama anafukuzwa. Kila alipojisikia kuruka neno, Shangazi, aliyekuwa akipanga picha kwenye kompyuta ya pili, alimwambia bila kugeuka, "Rudia."

Chiriku aliyatazama mabega ya shangazi yake. Yalikuwa yamesimama mbele ya kioo cha kompyuta tangu asubuhi, yakitafuta pale ambapo picha moja inaweza kuishia na nyingine ikaanza bila mtu kuona mshono. Kumbe ile siku nzima ya ukumbini ilikuwa nusu tu ya kazi!

Hatimaye alifika kwa yule baba. Alisikiliza. Alisikia mnong'ono usioshikika, kisha "mama yako", kisha tarumbeta. Akarudia, akaongeza sauti, akabana hedifoni kwa viganja. "Mama yako", tarumbeta.

Shangazi naye alisikiliza, akashindwa. Alimpigia bi harusi simu.

"Mimi nilikuwa nalia tu, Shangazi," alisema bi harusi. "Nilijua ananiambia jambo jema, lakini sikushika hata neno."

Akampigia baba mwenyewe. "Ya harusini yaliishia harusini," alijibu yule dereva kwa aibu, akakata simu.

"Basi," Shangazi alisema, "hapo andika 'hayasikiki'. Mimi natoka, nina mkutano na maharusi wa wiki ijayo."

Chiriku alibaki peke yake na picha ile. Ndiyo iliyokuwa nzuri kuliko zote: mikono mikubwa ya dereva, uso mdogo wa bi harusi, machozi yanayong'aa. Na chini yake, neno kavu: hayasikiki. Roho ilimuuma. Mama wa watu angesubiri video nzima, halafu afike hapa akute shimo? Vidole vyake vilianza kwenda vyenyewe. Aliandika: "Mwanangu, wewe na mama yako ndio nyota za maisha yangu. Nenda ukang'ae, nuru yako isizimike milele."

Aliisoma, akajipongeza. Insha gani ingeishinda hiyo?

Shangazi aliporudi alisimama nyuma yake, akasoma. Akakaa.

"Umesikia hivi?"

Chiriku alijifanya anarekebisha hedifoni. "Nilirudia… nilirudia sana, mpaka nikasikia."

"Masikio ya mtoto ni kitu kingine! Kumbe yule baba ana maneno matamu hivi ndani yake." Shangazi alijifuta jicho kwa ncha ya kanga.

Kuanzia hapo Chiriku hakuwa na raha. Maongezi yake yakapungua mpaka Shangazi akamshika paji la uso kuona kama ana homa.

*

Siku ya kukabidhi video, mama wa bi harusi alikuja mwenyewe. Alikuwa mshonaji, kwenye kifua cha gauni lake kulikuwa bado kumechomekwa pini mbili alizosahau kuzitoa. Mumewe alimleta kwa lori lake, lakini alikataa kuingia. "Nitangoja nje," alisema, akawa anakagua tairi ambazo hazikuwa na tatizo lolote.

Shangazi alimkalisha mama kwenye kiti kizuri mbele ya kioo kikubwa cha kuonyeshea video. Chiriku alikaa kwenye kompyuta, kidole kwenye kitufe.

Video ikaanza. Na Chiriku, badala ya kutazama video, alijikuta akimtazama mama yule. Hakuwa amewahi kuona mtu anasoma namna hiyo. Kila mstari ulipotokea, uso wake uliupokea kama mkono unavyopokea zawadi. Mshereheshaji alipotania, mama alicheka kwa sauti. Mjomba alipoanza "kwa hiyo" zake, alipiga goti, akasema, "Ndivyo alivyo yule!" Aliamini kila neno. Hakuwa na njia nyingine ya kujua kilichosemwa ila vidole vya Chiriku.

Ikafika pale dereva aliposimama ukumbini. Mama akajisogeza mbele, mikono imekumbatiana. Baba akaushika uso wa binti.

Chiriku akabonyeza kitufe. Picha ikasimama kabla maandishi hayajatokea.

"Imekwama?" Shangazi aliuliza.

"Hapana." Chiriku aliinamisha kichwa, akaanza kusema kwa haraka. Lakini kidole kimoja chenye alama za sindano kilimshika kidevu, kikamwinua taratibu.

"Ukiinama sikusikii, mwanangu," alisema mama yule. Sauti yake ilipanda na kushuka mahali pasipotarajiwa, lakini kila neno lilieleweka. "Nilisikia hadi darasa la pili, kisha ugonjwa ukanichukulia masikio. Sasa nasikia kwa midomo ya watu. Nitazame, sema polepole."

Kwa hiyo Chiriku hakuweza kumung'unya, wala kuangalia sakafu. Ilibidi aseme neno baada ya neno, uso kwa uso.

"Hapa… pana maneno… si ya baba. Tarumbeta zilipigwa. Sikusikia. Niliyatunga mimi. Nikamdanganya Shangazi kwamba nimesikia. Nisamehe, Mama. Nisamehe, Shangazi."

Shangazi aligeuka, akamtazama Chiriku.

Mama alimwachia kidevu. Kisha akageukia kioo.

"Yaondoe hayo maandishi. Nionyeshe mdomo wa mume wangu. Ukumbini alinipa mgongo."

Shangazi ndiye aliyeelewa kwanza. Aliruka kwenye kompyuta, akafuta mstari, akaukuza uso wa yule dereva mpaka ukajaa kioo. Akaendesha. Tarumbeta zililia, lakini kwa mama hazikuwepo kabisa. Kulikuwa na midomo tu.

"Rudisha."

Wakarudisha. Midomo ya mama mwenyewe ilianza kufuata ile ya kwenye kioo, kimya kimya. Katika ukumbi mzima uliojaa watu wenye masikio, hakuna aliyeyapata maneno yale. Na sasa mtu pekee asiyesikia alikuwa anayachukua moja moja kutoka ndani ya kelele.

Mama akaanza kucheka. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, na machozi yakaendelea kicheko kilipokwisha.

"Anasema: 'Mwanangu, ukimpigia mama yako simu ya video, washa taa kwanza. Gizani mama yako hasikii.'"

Shangazi aliketi chini, juu ya sanduku la kamera.

"Miaka yote hii," mama aliendelea, "akiingia chumbani jioni, huwasha taa kabla hajafungua mdomo. Mimi namgombeza kwamba anamaliza umeme! Sikujua kama anafanya kwa ajili yangu. Hajaniambia hata siku moja."

Aliinuka, akaenda mlangoni. Kwa mikono yake, mbele ya mtaa mzima, alimrudishia mumewe maneno yale kwa lugha ya ishara. Dereva aliyekuwa amechuchumaa kwenye tairi alisimama, akakodoa macho, kisha akajifunika uso wote kwa kofia.

"Umeyasikia wapi wewe?" aliuliza alipoishusha.

Mama alinyoosha kidole kwenye kioo, kisha kwenye midomo ya mumewe. Dereva akaingia ndani hatimaye, akakaa karibu na mkewe, nao wakaitazama video iliyobaki wameshikana mikono.

Walipoondoka, Chiriku alingoja kukemewa. Shangazi alikuwa anakunja nyaya, taratibu, kama kawaida yake.

"Ulinidanganya," alisema mwishowe, "na mimi nikakupa sifa zisizo zako. Hilo limeniuma, usidhani halikuniuma."

"Ndiyo, Shangazi."

"Sentensi yako ilikuwa tamu kuliko ya yule baba. Nyota, nuru, mambo mengi. Lakini ungemwacha yule mama aondoke nayo, angeishi maisha yake yote akiupenda uongo wako, na ukweli wa mumewe ungelala mle ndani bila mtu kuujua. Umeona ukweli huo ulivyokuwa mkubwa? Watu wanatukabidhi siku yao ili tuitunze ilivyokuwa. Tusipoijua, tunasema hatujui. Halafu tunatafuta anayejua. Hiyo ndiyo kazi, mwanangu, na ni hivyo hivyo shuleni na kila mahali utakapokwenda." Aliuweka waya chini. "Ila ulibonyeza kile kitufe mwenyewe, hukusubiri kukamatwa. Hilo nalo nimeliona."

Chiriku alipangusa macho, akavaa hedifoni. Aliandika sentensi ya dereva kama ilivyokuwa, hakuongeza wala kupunguza. Kisha aliirudisha video mwanzo kabisa.

"Kuna mahali kwa mjomba," alisema, "niliruka 'kwa hiyo' kadhaa. Nazirudisha zote."

Shangazi alicheka, akavuta kiti, akakaa pembeni yake.