Lori Lisilonguruma

Ulitangulia mvumo wa matairi, kisha mlio wa bodi ikigongana na minyororo yake. Mngurumo wa injini haukuwapo. Atupele, aliyekuwa akifagia uani kabla ya kwenda shule, alisimamisha ufagio akasikiliza. Hakuwa na haja ya kuitazama barabara ya Tukuyu. Lori lililoshuka mlima kimya namna ile lilikuwa la baba yake.

Baba yake, Hezroni, aliendesha lori la Badru, mfanyabiashara wa Kasumulu. Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa, kila mwenye uwezo akanunua lori kuukuu, malori yakawa mengi kuliko madereva wenye subira. Badru alipima dizeli kwa choyo. Basi kila alipofika kileleni, Hezroni alitoa gia, akazima injini, akaliacha lori liteleze lenyewe hadi Njisi, kijijini kwao chini ya mlima. Dizeli iliyosalia aliileta nyumbani kwa dumu, ikauzwa, ikageuka sukari na sabuni.

"Haya ni ya humu ndani," alimwambia binti yake huku akicheka. "Yasivuke ua."

Chini ya mteremko palikuwa na kona, na mbele ya kona daraja. Magari yalikuwa yakipinduka pale. Wazee walisema pana mkosi, wakapaombea. Mwalimu Veronika, yeye alitaka sababu. Aliwapeleka wanafunzi wake wa darasa la sita wakapatazame, akawauliza ajali nyingine itatokea wakati gani na kwa nini. Walitazama ukali wa kona, wakatazama barabara inavyoteleza ikilowa, wakabashiri kuwa hatari iko masika. Kisha walipaka mawe chokaa wakayapanga ukingoni, ili waendao kwa miguu wasimame nyuma yake.

Mwalimu akauliza kama kuna aliye na la kuongeza. Anyisile, aliyekaa dawati moja na Atupele, chokaa imemfika hadi masikioni, alimdokoa rafiki yake ubavuni.

"Sema wewe unayekaa hapa chini. Au sukari ya kwenu imekunata mdomoni?"

Wenzake walicheka. Atupele akatikisa kichwa. Alilijua la kusema, lakini akilisema, baba atafukuzwa kazi.

Masika yalipita salama. Watu wakasema ndaga, yaani asante, wakayashukuru mawe. Ajali ilikuja kiangazi, barabara kavu kama mfupa, asubuhi watoto wakienda shule. Anyisile alikuwa ametangulia, amesimama nyuma ya mawe meupe kama walivyofundishwa, akimngoja Atupele avuke daraja. Ndipo mvumo ukasikika mlimani, mvumo mtupu usio na injini. Atupele aliusikia, wala hakupaza sauti. Siku zote baba alipita salama.

Siku hiyo breki zilikuwa zimepata moto. Hezroni alipojaribu kurudisha gia, ilikataa kuingia. Lori likaikosa kona, likayapanda mawe, likalala ubavu ndani ya shamba la mpunga.

Hezroni alitolewa amevunjika mkono. Anyisile alipelekwa hospitali, na huko mguu wake mmoja ukakatwa.

Kijijini walianza tena habari za mkosi. Atupele alizisikia siku baada ya siku. Mwishowe alimfuata Mwalimu Veronika, akamweleza kila kitu: gia, dumu, sukari, na ule mvumo alioutambua akanyamaza.

Mwalimu alimvutia kiti akamketisha.

"Tulitazama kona, tukatazama mvua, tukamsahau aliyeshika usukani," alisema. "Kona haikumficha mtu siri, mwanangu. Waliokuwa na siri ni watu. Na hatari inayofichwa kwa ajili ya sukari ya mmoja hulipwa kwa mguu wa mwingine. Utayarudia haya mbele ya kijiji?"

Aliyarudia mkutanoni. Watu wakamgeukia Hezroni, aliyekaa nyuma na mkono wake kwenye bandeji. Alisimama polepole. Alisema mtoto hakuongopa, tena kosa si la mtoto.

Polisi walimnyang'anya leseni, akapelekwa mahakamani. Badru alikemewa, akalazimika kutoa dizeli ya kutosha. Kileleni lilisimamishwa bango lililowaagiza madereva wasitoe gia, na mgambo akawekwa pale kuwasimamisha kabla ya kushuka. Malori yakashuka yakinguruma. Nyumbani kwa Atupele chai ilinywewa bila sukari, na baba yake hakucheka tena.

Jumamosi moja Atupele alikwenda hospitali. Anyisile alikuwa amelala, shuka limejaa upande mmoja na kubonyea upande wa pili. Hakumsalimu.

"Ulilisikia?" aliuliza, uso ameuelekeza ukutani.

"Nililisikia."

Nje, mbali, lori lilipita likinguruma, na wote wawili wakalisikiliza hadi likapotea.

"Nakuahidi, Anyisile," Atupele alisema. "Nikisikia tena lori linashuka kimya, nitapiga kelele. Hata likiwa la baba."