Diski Ngumu na Ngoma ya Koko

Kitendawili, wajukuu. Ana jicho moja, anakula kutwa bila kutafuna, lakini ukimtetemesha tumbo anakataa kula. Ni nani? Msikimbilie jibu. Mjukuu wangu Noella, anayeniita Koko, yaani bibi, naye alichelewa kulipata.

Kila siku akitoka shule, Noella huvua sare, huchota maji, kisha hunisaidia kuanua ndagala, yaani dagaa, ninazoanika mchangani hapa Kavimvira, kando ya ziwa. Jumatano moja alirudi amekumbatia mfuko mweusi kama aliyebeba kitoto kichanga. Ndani mlikuwa na kamera ya video ya Clovis, mpiga picha wa mjini, aliyetaka kuwauzia wanakwaya wetu. Mwalimu Rénovat, kiongozi wa kwaya, alimwachia Noella aipime hadi Jumamosi, kwa sababu darasani hakuna anayeuliza "kwa nini" kumshinda. Alimpa na karatasi ya mambo sita ya kupima: jua, kivuli, sauti, batri, mwendo na ngoma. Mbele ya kila jambo aandike ndiyo au hapana.

Hilo la ngoma lilinihusu mimi. Jumapili ningepiga ngoma ya kwaya mara ya mwisho, kisha niwaachie wasichana, maana vidole vyangu vimeanza kukakamaa. Nimeipiga miaka thelathini, na hakuna mahali mlio wake umehifadhiwa.

Basi Noella akapima. Alitafuta kaseti, hakuiona. Mwalimu alimweleza kwamba picha zinakaa kwenye diski inayozunguka mle ndani, ambayo kwa Kifaransa ni disque dur, yaani diski ngumu. Akazipiga picha ndagala zangu, tukatazama kwenye kioo chake kidogo: macho ya samaki yakahesabika moja moja. Akaivuta karibu milima ya Burundi, ng'ambo ya ziwa, tukaona hadi moshi wa shambani. Nilipojiona mwenyewe nikapunguza kucheka, maana kila mkunjo wa uso ulikuwa umeitika.

Ijumaa ilibaki ngoma tu, na ngoma inakaa kanisani, mwendo mrefu kidogo. Rafiki yake Jeancy alikuwa anamngoja waende kuogelea, akimtania kwamba amekuwa yaya wa kamera.

"Weye, si inaitwa ngumu?" Jeancy akamwambia. "Kitu kigumu kitaogopa ngoma?"

Noella akaona ni kweli. Akaandika ndiyo, wakaenda majini.

Aliporudi nilikuwa naisoma ile karatasi polepole, kama ninavyosoma kila kitu. Nikamuuliza, "Na ngoma, ilisikika namna gani?"

Akainama kufunga kamba za viatu. Alikuwa amevaa kandambili. Sikurudia swali langu.

Asubuhi yake aliniamsha yeye. Alisema ameshindwa kulala vizuri, anataka kujua. Tukaenda kanisani, akaiweka kamera kwenye benchi kando ya ngoma. Taa nyekundu ya kurekodi ikawaka, nikapiga. Taa ikazimika. Akaiwasha, nikapiga, ikazimika tena.

"Iko inakataa kila mara unapiga," alisema, na sasa hakuwa na aibu usoni, alikuwa na hamu tu. Akalaza kiganja juu ya benchi. "Piga, Koko." Benchi lilikuwa linatetemeka. Basi akaishika kamera mikononi, akasimama mbali kidogo, nikapiga. Taa haikuzimika. Ile diski, ngumu kwa jina, ilikuwa inaogopa kutetemeshwa.

Wanakwaya walipokutana, Mwalimu Rénovat alisoma ndiyo zote sita, akauliza kama waichukue. Clovis alikuwa ameanza kutabasamu. Noella angeweza kunyamaza, maana ile ndiyo sasa ilikuwa karibu kuwa kweli. Akasimama.

"Mwalimu, ndiyo ya sita niliiandika kabla ya kupima. Niliamini jina."

Kisha akawaeleza habari ya benchi. Clovis alishangaa kweli, akasema harusini huibeba mkononi siku zote, hajawahi kuiweka karibu na ngoma. Wakakubaliana kuichukua, lakini siku za ngoma isiwekwe juu ya benchi, ishikwe na mtu.

Mwalimu hakumgombeza. Alimrudishia karatasi aisahihishe mwenyewe mbele yetu. "Kupima ni kukiuliza kitu chenyewe, si kuliuliza jina lake," alisema. "Na mtu akikupa kazi ya kupima, amekukopesha macho yake. Ukiandika usichokiona, umempofusha." Kisha akamteua Noella aishike kamera Jumapili.

Nilipiga siku hiyo mpaka jasho likaingia machoni. Jioni tukakaa barazani, tukaziangalia picha. Noella akaniegemea begani.

"Koko, Ijumaa uliniuliza ngoma ilisikika namna gani."

Nikamwambia bado nangoja.

Akairudisha picha nyuma kidogo, akasikiliza tena kabla ya kusema, huku amefumba macho. "Inaanza chini, kama mvua ikiwa bado iko kule milimani Lemera. Kisha inafika. Na kuna mahali pamoja umekosea, Koko, ukacheka, na kicheko nacho kimo."