Njuga za Hadji

Nji! Nji-nji-nji!

Ramazani aliusimamisha mchi hewani akasikiliza. Sauti ilitoka nyuma ya kibanda. Vizuri, mtoto yuko karibu. Akaushusha mchi kinuni kwa nguvu, chikichi zilizochemshwa zikapondeka, na mafuta mekundu yakamrukia miguuni.

Hivyo ndivyo alivyofanya kazi tangu mwanawe Hadji alipojua kutembea. Asubuhi mkewe Sikuzani alikwenda ufukweni mwa ziwa kuanika ndagala, dagaa wa huko, naye akabaki na kinu, moto na mtoto asiyetulia. Juzi Hadji alikuwa akitambaa. Leo alikuwa akikimbia, akila majivu, akitumbukiza kofia ya baba yake katika chungu cha mafuta, na kila akikatazwa alijibu "Apana!" kama mtu mzima. Ndiyo maana Ramazani alimfunga njuga miguuni, kama wazee wa pale Rumonge walivyofanya. Zikinyamaza tu, aliita, "Biasha! Ndugu yako yuko wapi?"

Biasha, binti yake wa miaka kumi na mmoja, ndiye aliyepewa kazi ya kumwangalia Hadji.

Jirani yao Asmani alipenda kuwatania. "Kaka Ramazani, huyo ni mtoto au mbuzi? Ukimaliza kumfunga njuga, mtafutie na kamba!"

Watu walicheka. Ramazani hakucheka. Alikuwa mtu wa kiburi, na maneno hayo yalimkwama kifuani.

Siku moja meli ya moshi ya Wadachi, yaani Wajerumani, ilitia nanga, na watu wote wakakimbia kwenda kuitazama. Ramazani hakwenda, kwa sababu chikichi zikipoa hazitoi mafuta. Alitwanga, akasikiliza. Nji-nji. Akatwanga tena. Nji-nji-nji. Moyo wake ulitulia.

Mara akasikia kikohozi kutoka upande wa ziwa.

Alitupa mchi akakimbia. Hadji alikuwa kwenye matete, maji yamemfika shingoni, mawimbi yakimwingia kinywani. Ramazani alimnyakua, akamwinamisha, akampiga mgongoni mpaka maji yakamtoka na mtoto akalia. Miguu ya mtoto ilikuwa mitupu. Hapakuwa na njuga hata moja.

Lakini nyuma ya kibanda njuga zilikuwa bado zikilia. Ramazani alikwenda akaona. Zilikuwa zimefungwa shingoni mwa mwanambuzi wa Asmani.

"Asmani!" alinguruma watu waliporudi kutoka kwenye meli. "Mwizi wewe! Mzaha wako umetaka kuniulia mtoto!"

"Wallahi, kaka, sijazigusa," Asmani alisema. "Nilikuwa kwenye meli na wenzangu."

"Nani mwingine aliyesema mwanangu ni mbuzi?"

Biasha alisimama nyuma ya mama yake. Alitaka kusema, lakini alipouona uso wa baba yake akameza maneno.

Homa ilimshika Hadji. Alikuwa hakimbii tena, wala hasemi "Apana". Ramazani alimbeba mchana kutwa, akamlisha uji kwa kidole, na kila alipokohoa mtoto, chuki yake iliongezeka. "Nitamlipa," alimwambia Sikuzani. "Atalia kama mwanangu alivyolia."

Nafasi ya kulipiza ilikuja upesi. Askari walioshuka kwenye meli walikuwa wakikusanya wanaume wa kufyeka vichaka vya ufukweni, kwa sababu mbung'o waliokaa humo walileta ugonjwa wa malale. Kazi ilikuwa ngumu, na aliyejificha alipigwa kiboko mbele ya watu. Ramazani alikuwa amekwisha kufanya zamu yake. Zamu hii ilikuwa ya Asmani, lakini mkewe alikuwa amejifungua na hawezi hata kuchota maji, hivyo Asmani akajificha katika banda la zamani la mitumbwi. Ramazani alimwona akiingia.

"Leo ngozi ya mgongo wake itaongea," alisema, akamkabidhi Sikuzani mtoto na kushika njia ya kambi ya askari. Alitembea kwa furaha kali. Alikwisha kusikia masikioni mlio wa kiboko, na ulimpendeza.

Moshi wa kambi ulikuwa umeonekana aliposikia mtu akihema nyuma yake.

"Baba! Usiende! Baba mdogo Asmani hakufanya kitu!"

Alikuwa Biasha. Alijitupa mbele yake njiani.

"Ni mimi niliyezifungua njuga. Hadji alikuwa amelala, nami nilitaka kuona meli. Nikazifunga kwa mwanambuzi ili uzisikie, usiniite. Nilidhani atalala mpaka nirudi."

Ramazani aliinua mkono. Hasira yote aliyoiwekea Asmani ilipanda mpaka kwenye kiganja.

"Nipige mimi," Biasha alisema, "lakini usimpeleke yeye."

Mkono ulibaki juu. Askari mmoja alitoka kambini akapaza sauti, "Wewe huko! Una habari gani?"

Neno moja tu lingetosha.

"Sina habari, bwana. Namtafuta binti yangu."

Aliushusha mkono, wakarudi. Nyumbani Sikuzani aliwasikiliza, Hadji akiwa amelala begani mwake, kisha akasema bila kupaza sauti:

"Biasha, kazi ya kulinda mtoto haiachwi kwa udanganyifu. Ulimdanganya baba yako ili upate raha kidogo, na ndugu yako karibu afe. Ukaona mtu mwingine anabebeshwa kosa lako, ukanyamaza. Huo unyamavu ni uongo wa pili, na ni mbaya kuliko wa kwanza. Na wewe, Baba Biasha, hukuuliza. Ulikuwa umekwisha kumchukia Asmani kwa sababu alikucheka, ukafurahi kupata kosa la kumtwika. Anayetafuta kisasi haoni ukweli hata ukikaa naye mezani."

Ramazani aliona aibu, na aibu ilimchoma kuliko hasira. Alimshika Biasha mkono, wakaenda mpaka banda la mitumbwi.

Biasha alisema kila kitu huku akilia. Asmani alimsikiliza akiwa gizani, magoti yamekunjwa.

"Kwa hiyo ulikuwa unakwenda kuniuza," alimwambia Ramazani. "Kwa ajili ya mzaha."

"Nilikuwa nakwenda."

"Na mke wangu je? Angechotewa maji na nani?"

Ramazani alipiga goti, jambo ambalo hakuna mtu wa Rumonge aliyewahi kumwona akilifanya.

"Asmani, ndugu yangu, nisikilize. Nyampara anayesimamia kazi anataka mtu, hataki jina. Kesho nitakwenda kufyeka kwa zamu yako, mpaka iishe, na Biasha atamchotea mkeo maji. Na mbele ya wote walionisikia nikikuita mwizi, nitasimama niseme kwamba nilikusingizia. Nakuahidi."