Chuma Alichokiondoa Daktari Somoe

Mashine iliyoitwa Mlishatope ilitambaa kwenye sakafu ya bahari, mita sitini chini ya meli, ikichomeka sindano zake arobaini kwenye tope na kuzichomoa, kama mama anayejaribu muhogo jikoni kuona kama umeiva. Kila ilipochomeka, iliacha punje za chuma cheusi. Huko juu, wageni wa heshima wa Jiji la Mikindani waliitazama kwenye kioo cha runinga huku wakitafuna kashata.

"Humo topeni mna vijidudu vya aina mbili," Daktari Somoe Chilumba aliwaeleza. "Vya kwanza vinaozesha mabaki ya viumbe, na katika kuozesha vinabakiwa na umeme kidogo. Vya pili vinautaka umeme huo ili vitengeneze gesi. Shida ni kupokezana, maana vinaishi mbalimbali. Sisi tunaviwekea chuma cheusi, umeme unapita humo kama kwenye waya, na gesi inatoka mara sita zaidi."

"Chuma chochote?" mgeni mmoja aliuliza.

"La, hasha! Ukiweka kutu umeharibu. Kutu inaunyonya umeme wote yenyewe na gesi inakoma. Hapa kipimo ndicho kila kitu, mheshimiwa."

Na kipimo kilikuwa chake. Kanuni ya Somoe ilifundishwa shuleni, na majiko yote kuanzia Mikindani hadi Newala yaliwaka kwa gesi yake. Watoto wa siku hizo mkaa waliujua kwa picha tu. Mwanamke akipata sifa za namna ile akiwa na miaka arobaini na nne, si ajabu akaanza kuzizoea.

Kwenye usukani wa Mlishatope, humo humo melini, alikaa Fundi Hokororo, mzee wa miaka sitini, mpole, mwenye tabia ya kurudia kila agizo kwa sauti kabla ya kugusa kitufe.

"Gramu arobaini kwa mita ya mraba, Daktari?"

"Arobaini, fundi. Kama kawaida."

"Arobaini. Haya, bismillahi."

Hilo lilikuwa shamba lao la tisa la gesi, na la kwanza kuwekwa karibu na mdomo wa mto Ruvuma.

Siku kumi na tisa baadaye, asubuhi kweupe, bahari juu ya shamba hilo ikageuka nyeupe na kuanza kutokota. Sakafu ilikuwa imevimba, gesi ikapasua tope na kupanda kwa wingi usiosemeka. Maji yaliyojaa mapovu hayawezi kubeba kitu. Jukwaa la akina mama wanaovuna mwani, lililokuwa limeelea pale bila wasiwasi, lilididimia kwa kufumba na kufumbua. Watatu waliokolewa. Wa nne, Bi Fatu Nampembe, hakuonekana mpaka kesho yake, na alipoonekana alizikwa.

Tume ikaundwa. Wapimaji wake walichota tope na kukuta chuma cheusi mara mbili ya kile kilichoagizwa. Kumbukumbu ya mashine ilionyesha arobaini, lakini tume ikasema fundi mwenye uzoefu wa miaka thelathini anajua kuibadilisha. Ikasema alizidisha makusudi ili wageni waone gesi nyingi na wamsifu. Hokororo, kusifiwa! Mtu ambaye akipigwa picha anajificha nyuma ya wenzake!

Wakamwita Somoe naye.

"Daktari, kanuni yako yaweza kukosea?"

"Kwa miaka tisa haijakosea," alijibu, kidevu juu.

Hawakumuuliza kuhusu Hokororo, naye hakuongeza neno. Mzee alikuwa ameketi nyuma yake, mistari miwili tu. Walipotoka alimwambia, "Labda mkono wangu uliteleza, Daktari. Umri huu, sijui." Somoe akampa pole na kupanda gari lake.

Sasa sikiliza kosa lenyewe lilivyokuwa. Kwenye maabara ya Somoe palikuwa na desturi waliyoiita kulitoa tope tongotongo. Mabomba ya kuchotea yalikuwa ya chuma, na huacha vumbi la chuma ndani ya tope. Kwa hiyo kabla ya kupima, walipitisha sumaku mara tatu, na kilichonasa wakakitupa kwenye sinki. Mwalimu wake alimfundisha hivyo, naye akawafundisha wanafunzi wake. Nje ya maabara ile hakuna aliyefanya hivyo, na ndani yake hakuna aliyeuliza.

Jumatatu, juma moja kabla ya hukumu, Somoe alichota tope la kando ya shamba la tisa, mahali ambapo Mlishatope haikupita, ili alipime mwenyewe. Mabomba ya chuma yalikuwa yamechukuliwa na tume kama ushahidi, kwa hiyo alitumia la plastiki. Akapitisha sumaku kwa mazoea. Ikatoka imeota manyoya meusi.

"Mabomba yetu yamechakaa kweli," alisema peke yake. Kisha akalitazama bomba. Lilikuwa la bluu, kama yale ya kumwagilia bustani, na plastiki haina vumbi la chuma.

Akakaa kitako sakafuni. Ruvuma hubeba mchanga mweusi kutoka bara na kuumwaga pale pale. Tope la shamba la tisa lilikuwa na chuma chake tangu enzi, cha kulitosha kabisa, na yeye kwa mkono wake alikitoa, akakitupa sinkini, akaandika sifuri. Kisha akamwagiza mzee wa watu aongeze arobaini. Mashamba manane ya kwanza yalikuwa na tope jeupe lisilo na chuma, ndiyo maana kosa halikujitokeza miaka yote hiyo.

Alisimamisha mashine zote siku hiyo hiyo kwa kisingizio cha matengenezo. Lakini hakusema. Akapima tena Jumanne, na Jumatano, na Alhamisi. Sayansi inataka uhakika, alijiambia. Uongo mtupu! Uhakika alikuwa nao Jumatatu kabla ya chai ya saa nne. Alichokosa ni uso wa kuwatazama watu.

Ijumaa alasiri alibisha hodi kwa Hokororo.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, Daktari. Karibu, karibu ndani. Mama, tupatie kahawa!"

Somoe hakuingoja kahawa. Alisema yote akiwa amesimama mlangoni: sumaku, bomba la plastiki, mchanga wa Ruvuma, sifuri. Alisema Jumatatu ataieleza tume.

Hokororo alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo mkono wangu haukuteleza."

"Haukuteleza, fundi. Nisamehe."

"Ulijua lini?"

Angeweza kusema jana, na mzee angeamini.

"Jumatatu."

Mzee akasema, "Jumatano nilikwenda kwa Mzee Mfaume, mume wa marehemu. Nilipiga magoti mbele ya wanawe, nikamwambia mimi ndiye niliyemuua mkewe. Yule bwana alilia, akaniinua. Alinisamehe. Kwa hiyo nilipokuwa chini pale, Daktari, wewe ulikuwa unajua."

Aibu ilimpanda Somoe mwili mzima mpaka masikio yakamwaka moto. Hakuna tume ambayo ingeweza kumfanyia vile.

Hokororo akavaa kofia yake. "Tume itangoja Jumatatu. Mfaume hangoji. Twende."

Walitembea mitaa mitatu. Mzee Mfaume aliwafungulia mwenyewe. Alimshika Hokororo mkono kwa mikono yake miwili, kisha akamwona Somoe na uso ukamchangamka.

"Ewe, Daktari mwenyewe! Mtu mkubwa kama wewe, na shughuli zako zote, umekuja kutupa pole? Mungu akulipe. Fatu alikuwa anakusifia kila akiwasha jiko."

Akaita wanawe watoke wamsalimie mgeni. Wakatoka wanne, wakamwamkia mmoja mmoja, na mkubwa akamletea kiti chenye mto. Somoe hakukaa. Alimtazama Hokororo, lakini mzee alikuwa amegeuza uso, anatazama barabarani.

"Mzee Mfaume," alisema, "sikuja kutoa pole."