Dawa ya Kutikiswa

Maiti ya Muthoki ililala kando ya barabara ya Namanga, kiatu kimoja mguuni, kingine chini ya lori. Ilikuwa Machi 1998, asubuhi, hapa Kitengela.

"Nilipiga honi mpaka mkono ukauma!" akalia Kaloki, dereva, pingu mikononi. "Hakugeuka, afande. Mtanifunga bure!"

Inspekta Parmuat akamgeukia Mbeke, dada ya marehemu.

"Alikuwa kiziwi?"

"Tangu Jumapili tu. Juzi juzi alikuwa anaimba kwaya!"

"Aliugua?"

"Kifua. Daktari Githongo akamdunga sindano siku tano. Akaanza kusema masikio yanalia. Halafu basi."

"Dawa uliiona?"

"Nyeupe kama maziwa. Daktari alikuwa anaitikisa sana kabla ya kudunga."

Daktari aliyepasua maiti alisema uziwi wa ghafla una sababu nyingi: homa ya uti wa mgongo, matumbwitumbwi, kugongwa kichwa. "Na kuna sindano zinaua neva ya sikio, kipimo kikizidi."

Parmuat alikuwa amechunga ng'ombe wa baba yake utoto wote. Dawa ya kutikiswa aliijua.

Kliniki ya Githongo ilijaa wagonjwa. Nyuma ya pazia, mezani, kulikuwa na chupa kubwa ya dawa nyeupe. Wembe ulikuwa umekwangua maandishi yote, ukasahau mchoro mdogo wa kichwa cha ng'ombe.

"Hii ni nini?"

"Ya kifua, bwana inspekta."

"Kifua cha nani?"

Githongo akaigeuza chupa, mchoro ukatazama ukuta.

"Ulisomea wapi udaktari?"

"Nilikuwa... nachanja ng'ombe. Kule Kimana."

"Muthoki ni wa ngapi kuzibika masikio?"

"Wa nne. Walirudi wakilia, nikawaambia ni homa imepanda kichwa."

"Ulijua, na ukaendelea kudunga!" Parmuat alipiga meza, chupa ikaruka.

"Kule hakuna mtu aliniita daktari! Hapa wananiheshimu, wananiletea kuku. Na ng'ombe nilidunga maelfu, afande. Hakuna hata mmoja alilalamika masikio."

"Angekuambia na mdomo gani, mshenzi wewe?"

Akamtia pingu, zilezile alizokuwa amemfungua Kaloki. Akamsukuma nje, akapaza sauti mpaka mabati yakalia:

"Nendeni nyumbani! Huyu si daktari!"

Watu wakainuka wakitukana, benchi likabaki karibu tupu. Mama mmoja tu hakuondoka. Alikuwa ameupa mlango mgongo, kuku mapajani. Kuku alishtuka kwa ile sauti, akapigapiga mabawa.

Mama akamtuliza kwa mkono, akaendelea kungoja zamu yake.