Droni Iliyorudi na Mama

— Sema "fungua", nami nitafungua.

Mwanamke alitazama juu. Droni ilikuwa imesimama hewani juu ya bwawa, kikasha chenye majivu ya mama yake kikiwa tumboni. Rubani, aliyewahi kuwa mumewe, alishika rimoti na kujifanya anapima upepo. Upepo wenyewe haukuwepo.

Marehemu hakuwahi kupanda ndege maishani. Aliagiza achomwe, na mkwe wake huyuhuyu, aachane na binti yake asiachane, ndiye amrushe. Mashangazi walinuna weee, mwisho wakachoka.

— Mama alikupenda kuliko alivyonipenda mimi. Mbona hukupokea simu zake?

Rubani angeweza kusingizia kazi. Badala yake alimpa simu asome mwenyewe ujumbe wa mama mkwe: "Mwanangu, mkeo bado anakusubiri. Jishushe, uje umchukue."

— Uliusoma lini?

— Siku ileile alipoutuma.

— Na hukuja?

— Nilitaka uanze wewe kunitafuta.

Kiburi cha mwanaume mzima, jamani. Mwanamke alimrudishia simu.

Rimoti ikaanza kulia. Betri ilikuwa imepungua, na droni, kama ilivyopangwa, ikageuka yenyewe, ikaja kutua pale ilipopaa. Kikasha bado kilikuwa kimefungwa. Mwanamke alicheka, mara akalia, akakipangusa vumbi kwa khanga.

Rubani alipiga magoti kubadilisha betri.

— Nisamehe. Turudiane, mke wangu.

— Nilishakusamehe zamani. Lakini yule uliyemwambia aegeshe gari kivulini si dereva. Tunaoana mwezi ujao.

Rubani alikumbuka jinsi alivyomwamrisha yule jamaa, na jamaa alivyotii kwa adabu. Aibu ikamshika hadi masikioni.

— Kwa nini hukuniambia?

— Mama alitaka umrushe wewe. Niliogopa ungekataa.

Droni ikapaa tena. Safari hii mwanamke hakumsubirisha.

— Fungua.

Majivu yalitoka taratibu, yakatawanyika, yakashuka majini. Mwanamke alipunga mkono hadi yalipoisha, akamshukuru, akateremka kwenda garini.

— Ningekuja siku ile, ungenipokea? aliuliza rubani.

Mwanamke aligeuka.

— Nilikuwa nimeshafungasha nguo nikikusubiri.

Jamaa alishuka kumfungulia mlango. Rubani alipokumbuka kuishusha droni, gari lilikuwa limeshaondoka.