Vitambaa Tisa vya Buyangu

Pale Butali, kumwamsha Raisa asubuhi huwa ni kazi ya watu wawili: mama anaita, kakake Abu anavuta blanketi. Lakini Jumamosi hiyo, mama alipomaliza kuswali alfajiri alimkuta ashavaa, kamba za viatu zimekazwa, ameketi kwa stuli akingoja chai. Kando yake kulikuwa na muwa mrefu ulioegemezwa ukutani.

"Wewe, kwani leo jua limetoka upande gani?" mama akauliza.

"Mama! Si leo ndio darasa letu linapanda kilima cha Buyangu?"

"Na hiyo miwa ni ya nini?"

"Ya njia."

Mama akacheka. "Mtu wa Butali hata akienda harusi atabeba miwa."

Raisa alikuwa na miaka kumi na mbili, na wiki nzima alikuwa na neno moja tu mdomoni: yeye ndiye angekuwa wa kwanza kukanyaga kileleni. Alikuwa amemwambia Barasa wa darasa lao, ambaye naye alisema vivyo hivyo. Zaidi ya wote alikuwa amemwambia Tracy, rafiki yake wa dawati moja. Tracy alikuwa amehamia kutoka Lurambi mwaka huo, mtoto wa town, na msitu aliuogopa kama sindano.

"Huko kuna nyoka?" Tracy alikuwa ameuliza.

"Wako, lakini wako na shughuli zao."

Kwenye lango la msitu walipokewa na Auntie Priscah, kiongozi wa watalii. Alikuwa mwanamke mfupi, amevaa viatu virefu vya gambuti, na alikuwa na sauti ya kuita mtu kutoka kijiji cha pili.

"Mko ishirini na nne," alisema. "Tukienda pamoja tutakuwa soko, wanyama wote watoroke. Kumi na wawili waje na mimi sasa. Wengine watafuata na Mwalimu Were baada ya nusu saa."

Kisha akamwita Raisa, akampa vitambaa vyekundu tisa. "Wewe utatembea nyuma kabisa. Kuna njia panda tisa. Kila moja, funga kitambaa upande ambao tumeingia. Kikae sawa na macho, na upige fundo mbili. Wenzako wa nyuma hawana kitu kingine cha kuwaonyesha njia. Umeskia?"

Raisa alisikia, lakini moyo ulishuka. Nyuma kabisa? Na kileleni je?

Tracy, aliyekuwa kundi la pili, akamshika mkono. "Raisa, usinipoteze."

"Fuata kitambaa tu. Ukipotea, usiniongeleshe tena."

Mwanzoni kazi ilienda vizuri. Raisa alifunga vitambaa vinne, fundo mbili kila kimoja, akavuta kuona kama vimeshika. Kwenye njia panda ya tano, tawi lilikuwa na maji na fundo likateleza. Mbele watoto wakapiga kelele, "Mbega! Mbega! Ona mkia!" Alipoinua macho, mbega walikuwa wameshaenda, majani tu yanatikisika.

"Raisa, ulilala?" Barasa akamwita kutoka mbele. "Nitakupungia mkono nikiwa juu!"

Hapo ndipo alipoukumbuka muwa wake. Kwao, watoto wakiingia shamba la miwa, ambalo hata mtu mzima haoni mbele, huangusha vipande vya miwa kila wanapokata kona. Wakati wa kurudi wanavifuata hadi nje. Hakuna aliyewahi kupotea. Raisa akauvunja muwa kwa goti, akapanga vipande vitatu chini vikawa mshale, akakimbia. Njia panda ya sita, ya saba, ya nane na ya tisa alifanya hivyo hivyo. Vitambaa vitano vilibaki mfukoni.

Chini ya mpando wa mwisho walipumzika kwenye kibanda cha askari wa msitu, mzee Kibiwott, wakawangoja wenzao. Nusu saa ikapita. Saa nzima ikapita. Auntie Priscah akatazama njia, akamtazama Raisa.

"Raisa, vitambaa ulifunga vyote?"

"Ndio, Auntie," Raisa akasema haraka.

"Basi lazima wamepumzika mahali. Nyinyi pandeni na mzee Kibiwott kabla mawingu hayajafunika. Mimi nitawangoja hapa."

Wakapanda. Raisa alishika mawe, akashika mizizi, akampita huyu, akampita yule, hadi mbele yake hakukuwa na mtu. Barasa alikuwa anahema nyuma yake. Zilibaki hatua kumi hivi. Upepo wa juu ulishaanza kumpiga usoni. Jasho likamwingia machoni, akatia mkono mfukoni atafute kitu cha kujifuta. Mkono ukatoka na kitambaa chekundu, na maneno aliyomwambia Tracy yakamrudia.

Ukipotea, usiniongeleshe tena.

Raisa akasimama. Barasa akampita kwa fujo. "Namba wani!" akapaza sauti. Raisa alimwambia mzee Kibiwott kwamba anarudi kwa Auntie, akateremka, akifunga breki kwa mikono na makalio, mpaka kibandani. Akanyoosha vile vitambaa vitano.

"Auntie, nilikudanganya. Hizi sikufunga. Niliweka miwa."

"Miwa?" Auntie Priscah akainuka. "Kwa msitu uliojaa nyani?"

"Kwetu huwa inafanya kazi, Auntie."

"Kwenu kuna nyani wangapi?"

Raisa akainamisha kichwa. "Hakuna."

"Twende. Unakumbuka kila mahali uliangusha?"

"Zote."

Walipofika njia panda ya saba, nyani mkubwa alikuwa ameketi katikati ya njia anatafuna mshale. Aliwatazama kama watu waliokuja kumsumbua mezani. Kwenye ya tano kulikuwa na makapi tu, na nyayo nyingi za viatu zikielekea upande wa mtoni. Auntie Priscah akaita. Kwa mbali, Mwalimu Were akaitika.

Waliwakuta wameketi kwenye gogo, wote kumi na wawili, wamechoka hoi. Walikuwa wamezunguka mara mbili, kisha siafu wakawavamia. Tracy alikuwa na kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, macho mekundu.

Raisa akaenda moja kwa moja kwake, mbele ya wote. "Tracy, sikufunga kitambaa. Nilitaka kuwa wa kwanza. Ukitaka usiniongeleshe, ni haki yako."

Tracy akamnyooshea mguu usio na kiatu. "Nitaamua nikifika juu. Sasa hivi nikung'utie soksi. Siafu wamehamia ndani."

Mwalimu Were akacheka, na wote wakacheka, maana kicheko kilikuwa kinawasubiri.

Safari hii Raisa alitembea nyuma bila kuambiwa. Kila njia panda iliyobaki alifunga kitambaa, fundo mbili, akavuta. Kwenye mawe ya mwisho Tracy alikwama.

"Siwezi!"

"Unaweza. Mguu wa kushoto, weka hapo kwa shimo. Sasa mkono. Niko nyuma yako."

Tracy akajivuta mara moja, akatokea juu. "Nimefika! Mimi, wa Lurambi!" Sauti yake ikajaa bonde lote. Raisa akatokea wa mwisho kabisa, wa ishirini na nne, na wote wakampigia makofi. Mawingu yalikuwa yamepasuka. Chini, msitu ulijikunja kijani mpaka macho yanachoka, na mbele yake vilima vya Nandi vilisimama kama ukuta. Tracy akamshika bega.

"Nakuongelesha," akasema. "Ona mto! Kumbe ni mdogo hivyo!"

Walipokuwa wakishuka, Raisa alivifungua vitambaa kimoja kimoja, kwa sababu msituni haziachwi takataka. Mafundo yalikuwa magumu, kucha zikamuuma. Langoni alimhesabia Auntie Priscah vyote tisa. Auntie akamrudishia.

"Kaa navyo. Mwezi ujao kuna shule ingine inakuja, na nataka mtu wa kunifungia njia."

"Mimi? Hata baada ya leo?"

"Wewe, na ni kwa sababu ya leo," Auntie Priscah akasema. "Kufika juu wa kwanza, Barasa amefika, na sijaona mtu aliyemuuliza habari ya hilo. Wewe ulibakisha hatua kumi, ukarudi kusema ukweli wakati bado unaweza kusaidia. Shikeni hilo, watoto wangu: ukipewa kazi ambayo wenzako wanaitegemea, ifanye hata kama hakuna anayekuona. Na ukikosea, sema mapema. Ukweli wa Raisa leo umewatoa watu kumi na wawili msituni."

Raisa akavikunja vitambaa, akavitia mfukoni, akafunga kifungo.

"Na miwa?" Barasa akachokoza.

"Miwa nitabeba," Raisa akasema. "Lakini hiyo nitakula mwenyewe."